Kiswahili cha Ndaki

Katika ukoo wa marehemu Luhende, mtu akikosea neno, akachanganya lugha, au akasema jambo likaeleweka sivyo, huambiwa, "Hicho sasa ni Kiswahili cha Ndaki." Hata watoto wadogo wanausema msemo huo bila kujua Ndaki alikuwa nani. Mimi niliusikia mara ya kwanza mwaka jana, msibani kwa Luhende huko Ibadakuli, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, sahani ya wali mapajani. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa ameshika kipaza sauti anatangaza utaratibu wa safari ya kwenda kuzika Geita, ulimi ukateleza, akasema maiti itaondoka jana alfajiri. Nyuma yake wakapiga kelele: Kiswahili cha Ndaki! Nikamwuliza mama aliyekaa kando yangu, Ndaki ndiye nani? Akanieleza huku anatafuna kwamba Ndaki alikuwa mjomba wa marehemu. Zamani hizo mama yake Luhende alipofariki, mjomba huyo alipiga simu hotelini Shinyanga alikofikia Luhende, lakini Kiswahili kikampiga chenga, ujumbe ukapotea, na Luhende, mtoto wa kiume pekee, akafika nyumbani akakuta mama yake ameshazikwa. "Tangu mwaka ule mzee wa watu hakushika simu tena mpaka anaingia kaburini," akasema yule mama. "Hata walipokuja wajukuu na hizi za mkononi, wakimwekea sikioni alikuwa anaisukuma mbali." Nikasema, "Maskini." Nikamaliza wali wangu. Aliyepokea simu ile ni mimi.

Sitaanza na nilikozaliwa wala nani alinisomesha. Hayo hayamsaidii mtu. Nitasema tu kwamba mwaka wa themanini na mbili nilikuwa na miaka kumi na tisa, naitwa Kabula, na nilikuwa mpokea simu wa hoteli iliyoitwa Nyota Njema, vyumba kumi na vinne, si mbali na stesheni ya Shinyanga. Chumba cha simu kilikuwa chini ya ngazi. Hakikuwa na dirisha ila uwazi mdogo unaotazama meza ya mapokezi, upana wa kupitisha daftari na kikombe. Humo kulikuwa na stuli, feni iliyokufa, na swichibodi yenye matundu na nyaya zake, kila tundu na namba ya chumba. Harufu ilikuwa ya rangi ya sakafu na mafuta ya taa. Ukikaa humo saa nane, ukitoka nje jua la Shinyanga linakupiga kofi. Lakini nilikipenda chumba kile, Mungu anajua. Watu wakubwa ambao barabarani wasingenitazama mara mbili, humo ndani walikuwa wananiomba. Mkaguzi wa shule alipiga kutoka Tabora kushika chumba, akataka kitanda kisichopiga kelele. Mnunuzi wa dhahabu alipiga kutoka Geita, sauti chini kama anaungama, akataka chumba chenye kufuli mbili na jirani asiyekunywa. Bibi mmoja wa wizarani alipiga kutoka chumba namba kumi na moja kulalamika kwamba mjusi wa ukutani anamtazama akivaa. Na wote, mkubwa kwa mdogo, walilalamikia sabuni. Mwaka ule sabuni ilikuwa inakatwa kwa waya vipande vinne, kila chumba robo, na sukari ilikuwa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona. Jibu langu lilikuwa moja: "Pole sana, bwana, jambo lako linashughulikiwa." Nilikuwa nalisema vizuri mno hata mtu akasahau kwamba hakuna linaloshughulikiwa.

Sauti ile sikuzaliwa nayo. Alinipa meneja wetu, Bwana Mhina, mtu wa Tanga, mwembamba, shati jeupe kila siku, mtu aliyeamini kwamba Kiswahili ni kama nguo: ukikivaa kimekunjamana, watu watajua unakotoka. Wiki tatu za kwanza hakuniruhusu kugusa waya. Alinikalisha kwenye chumba cha chakula, asubuhi wageni wakishaondoka, mbele ya mabaki ya mikate, akanifanya nirudie. "Ratiba. Risiti. Treni. Rudia." Mimi ulimi wangu wa Kisukuma unasema latiba, lisiti, tuleni. "Kabula, mgeni wa Dar es Salaam akisikia 'chumba kizuli' atajua amefika porini. Kizuri. Rrr. Rudia." Wapishi walikuwa wanachungulia jikoni wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nililia, nikarudia, nikashika. Na siku aliponiketisha kwenye stuli ile alinipa sheria yake kubwa: kwenye simu na kwenye meza ya mapokezi, Kiswahili au Kiingereza. Kilugha, ng'o. Kabla yangu kulikuwa na binti aliyemsalimia mzazi wake kwa Kisukuma simuni, mgeni mmoja mkubwa akamsikia akacheka, na binti akaondoka jioni ileile. "Sina chuki na lugha ya mtu," Bwana Mhina alisema. "Lakini hoteli si gulioni."

Sasa ninapokumbuka, kinachoniuma si sheria yake. Kila ofisi na mambo yake. Kinachoniuma ni jinsi nilivyoipenda. Nilikuwa najisikia, jamani! Nilikwenda sokoni nikawasemesha Kiswahili akina mama waliouza michembe, vile viazi vya kukaushwa, wanawake wa umri wa bibi yangu, na wao wakinijibu kwa Kisukuma nilijifanya sisikii. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Mimi nilikuwa mtumwa mwenye mshahara na viatu vya kisigino. Na chekesho la dunia, aliyezungumza Kisukuma kizuri kuliko wote pale hotelini alikuwa Mama Zarina, mke wa mwenye hoteli, Mhindi. Alizaliwa nyuma ya duka la baba yake huko vijijini, akalelewa mgongoni mwa yaya wa Kisukuma. Wauza maziwa wakija mlango wa nyuma alikuwa anasimama nao, mtandio begani, anapatana bei na kutaniana nao mpaka wanamwita mayu, yaani mama, kama mama zao wenyewe. Mimi nikipita hapo nilikuwa naharakisha hatua.

Luhende alikuja mwezi wa saba, msimu wa pamba. Alikuwa fundi wa jineri kule Geita, kinu cha kuchambulia pamba, mtu wa miaka thelathini hivi, mpana, mikono yenye weusi wa grisi usiotoka kuchani. Mashine ilikuwa imevunjika, kifaa chake kinakuja kwa treni, naye alitumwa asirudi bila hicho kifaa. Tukampa chumba namba tano. Kabla hajapeleka begi alikuja kwenye uwazi wangu, akainama hadi tukaonana macho. "Dada, mama yangu amelazwa hospitali Geita. Nimemwacha hali si nzuri. Nimepatana na mjomba wangu, mambo yakiharibika atapiga hapa. Nikipata neno lake tu naacha kila kitu naondoka, hicho chuma wakifuate wenyewe. Tafadhali, simu ya Geita isinipite." Nikamwambia kwa ile sauti yangu, "Usiwe na wasiwasi, bwana. Ujumbe wako utakufikia." Basi kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anainama pale kwenye uwazi: "Geita haijapiga?" Haijapiga. Anashukuru. Anakunywa chai kavu kwa kuwa sukari hakuna, anakwenda stesheni kuuliza kifaa chake, anarudi mchana, anainama tena. Siku ya nne nilianza kumwonea huruma, na siku ya tano nilianza kumwona ananichosha. Ndivyo ujana ulivyo, au ndivyo mimi nilivyo.

Simu ilikuja Jumatano, saa nne asubuhi, Luhende yuko stesheni. Siku hizo simu ya mbali ilikuwa inapitia kwa opereta wa posta, dakika tatu, ukitaka zaidi unalipa tena. Opereta akasema, "Shinyanga, ongea na Geita." Kisha mvumo, kama mtu anakaanga kitu sikioni, na ndani yake sauti ya mzee anayepiga kelele, maana alifikiri Geita ni mbali na mimi sitamsikia. "Haloo! Mwangaluka, mayu!" Nikasema, "Hoteli ya Nyota Njema, Shinyanga, nikusaidie nini?" "Mwangaluka! Mhola?" Alikuwa ananisalimu salamu ya asubuhi, ananiuliza kama ni kwema, kama mtu mwenye adabu zake anavyotakiwa kumsalimu mwenziwe. Bwana Mhina alikuwa mapokezi, hatua mbili, anapanga funguo. Nikasema, "Shikamoo, mzee. Hapa ofisini tunazungumza Kiswahili." Mzee akaanza, pole pole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Aa. Haya. Kiswahili. Mimi iko Ndaki. Natafuta Luhende." Nikasema ametoka, mzee, una ujumbe gani? "Ujumbe iko. Mwambie... mwambie hivi..." Akatafuta neno. Akalikosa. "Mwambie hii... hii..." Opereta akaingilia, "Geita, muda unakwisha." Na hapo mzee akapaza sauti, akasema mara mbili, haraka, "Mayu wacha! Mayu wacha!" Nikasikia ananiita mimi mama, kama wauza maziwa walivyomwita Mama Zarina, na anasema wacha, achana nalo, nimeshindwa na Kiswahili chenu. Nikasema, "Nimeelewa, mzee. Ujumbe utafika." Laini ikakatika. Nikaandika kwenye daftari la ujumbe, kwa herufi kubwa kama nilivyofundishwa: CHUMBA 5. AMEPIGA MJOMBA, GEITA. AMESEMA WACHA.

Luhende alirudi saa saba. Nikampa daftari kupitia uwazini, nikainamia nyaya zangu, nina simu ya chumba namba mbili, mtu analilia maji. Niliposhusha mkonga bado alikuwa ameshika daftari, kidole chini ya neno lile. Akaniuliza taratibu kabisa, "Dada, hili 'wacha' amelisema kwa Kiswahili au kwa Kisukuma?"

Kwa asiyejua, kwa Kisukuma mayu ni mama, na wacha ni amekufa. Mayu wacha, mama amekufa. Hakuna mtoto wa Kisukuma asiyelijua neno hilo. Tunalijua kabla ya kujua kuhesabu. Mtu aliponiuliza, hapo ndipo nililisikia upya, safari hii kwa sikio la nyumbani. Kama ningesema, "Kaka, subiri, sina hakika, nikupigie Geita," mambo yote yangekuwa mengine. Maneno machache tu hayo. Lakini Bwana Mhina alikuwa amesimama palepale, na swali lenyewe lilikuwa mtego: nikisema Kisukuma, itaonekana nimeongea kilugha kwenye simu ya hoteli; nikisema sijui, nimepokea ujumbe bila kuuelewa, na mzee nilimwambia nimeelewa. Nikasema, "Kwa Kiswahili, bwana. Hapa tunazungumza Kiswahili." Bwana Mhina akaongeza bila hata kugeuka, "Kabula ni mwangalifu. Mkononi mwake ujumbe haupotei." Luhende akanitazama. "Wewe si Msukuma wewe?" Nikasema ndiyo. "Basi kama ni wewe uliyesikia, nimetulia," akasema. "Angekuwa mtu wa pwani ningeogopa." Akavuta pumzi, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Kwa hiyo niache. Maana yake nisije. Mama kapata nafuu."

Siku ile aliomba chakula kamili. Siku zote alikuwa anakula ugali na maharage, harakaharaka, macho mlangoni. Mchana ule aliagiza sato, wa kukaanga, na wali, na pilipili pembeni, akala akitoa miiba kwa vidole, akitaniana na mhudumu, akamwuliza mpishi kama ameoa na kama hajaoa shida ni nini. Nilikuwa naye ukuta mmoja, namsikia. Alisimulia habari za mama yake: kwamba ni mkali, kwamba hospitalini alimtukana mganga kwa kumpa uji usio na chumvi, kwamba mwanamke wa namna ile malaria haimwezi. Wote wakacheka. Alimaliza kwa chai, na mtu mmoja wa meza ya pili, mchuuzi wa dagaa kutoka Nkome, akamkatia kipande cha sukari guru kutoka mfukoni, kwa furaha tu ya kumwona mwenziwe anafurahi. Mimi chakula changu cha mchana siku ile kilikuwa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, kwenye kibakuli. Nikakisukuma kando. Nikajiambia, Kabula, acha wazimu. Mzee alisema kwa Kiswahili. Wewe mwenyewe si ulimwambia aseme Kiswahili?

Alhamisi asubuhi Luhende akaondoka mapema kwenda Isaka. Walimwambia kifaa chake kimeshushwa huko kwa makosa. Saa tatu Mama Zarina akaja mapokezi kuhesabu mashuka yanayokwenda kwa dobi. Alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata gazeti la kufungia nyama. Akafungua daftari la ujumbe, akalisogeza mbali na macho yake maana miwani hakuvaa, akasema, "He! Nani kafa?" Nikauliza, "Kafa wapi, Mama?" "Hapa. Mjomba, Geita, amesema wacha. Nani wacha?" Nikasema, "Hapana, Mama Zarina, hicho ni Kiswahili. Alisema niache." Akanitazama juu ya daftari, kisha akateremsha sauti, akanisemesha kwa Kisukuma ambacho mimi nilikuwa nimekikataa, Kisukuma safi cha bibi wa kijijini, akaniuliza kama mjomba wa mtu anaweza kutoka shamba, akalipa simu ya mbali, ili aseme acha. Acha nini? Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Kabula, mtoto wangu. Huyu mgonjwa wake nani?" Nikasema mama yake. "Ya Rabi. Mtafute huyo mtu. Sasa hivi." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akachukua mashuka yake akaenda, akiamini, kama wote walivyokuwa wananiamini.

Stesheni ya Isaka ilikuwa na simu. Namba yake ilikuwa imebandikwa mbele ya pua yangu, ya nne kutoka juu, maana wageni walikuwa wanaulizia treni kila siku. Kutoka Isaka malori yalikuwa yanakwenda Kahama, na kutoka Kahama yapo ya Geita. Mtu mwenye haraka angefika nyumbani usiku au alfajiri ya Ijumaa. Na kule Geita, hili nililijua baadaye, walimweka yule mama chumba cha maiti siku mbili, wakimsubiri. Mzee Ndaki aliwaambia, "Nimeongea na hoteli. Wameelewa. Kijana yuko njiani." Walichelewesha mazishi kwa neno langu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli, waya mkononi, tundu la laini ya nje liko wazi. Nilifikiri maneno ya kusema. "Bwana Luhende, jana nilikosea." Halafu? Atauliza: ulikosea nini? Na Bwana Mhina angesikia, maana uwazi haukuwa na mlango. Ningeondoka jioni ileile kama yule binti mwingine, nikavua viatu vya kisigino, nikarudi kulima. Nikasubiri Bwana Mhina atoke. Akatoka, akaenda benki. Nikasema nimalizie kwanza simu ya Mwanza. Nikamaliza. Nikasema labda Luhende ameshaondoka Isaka. Loo, mtu akitaka sababu haikosi! Saa sita waya ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikautundika.

Alirudi Alhamisi jioni na chuma chake kimefungwa gunia, amekibeba begani kama mbuzi. Mama Zarina alikuwa ameshakwenda nyumbani. Nilimpa ufunguo wa namba tano. Akanionyesha khanga aliyomnunulia mama yake Isaka, akaikunjua pale juu ya meza nisome maneno yake, nami nikasema ni nzuri. Ijumaa alfajiri akapanda lori. Alifika nyumbani jioni, kaburi lina nusu siku. Mama Zarina aliponiuliza kama nilimpata yule mtu, nilimwambia nilimpata. Sijui kama aliniamini. Tangu siku ile hakuniita tena mtoto wangu.

Miaka mingi nimejitetea kichwani. Nimesema nilikuwa mdogo. Nimesema laini ilikuwa mbovu. Nimesema sheria haikuwa yangu. Yote kweli, na yote upuuzi. Kosa la sikio Mungu husamehe, kila mtu ana masikio mawili na dunia ina kelele. Langu halikuwa la sikio. Nilijua Jumatano saa saba, nikajua zaidi Alhamisi saa tatu, na katikati ya kujua na kusema nilimweka mama wa mtu. Nilidumu kwenye kazi za simu miaka ishirini na sita baada ya hapo, hoteli hii na ile, na kila nilipokwenda walinisifu: Kabula ana sauti, Kabula ana Kiswahili. Nimewahi kupewa cheti.

Luhende alirejea hotelini baada ya mwezi na nusu. Ilikuwa saa tano asubuhi, Bwana Mhina yuko mezani kwake anaandika, wageni wawili wanasubiri risiti. Nywele zilikuwa zimenyolewa, ndiyo kwanza zinaota, na amekonda mashavuni. Hakuinama kwenye uwazi. Akasimama wima akasema, "Mwangaluka." Nikasema, "Karibu, bwana. Pole sana na msiba." Akasema, "Niombee Geita. Mjomba wangu yuko posta ananisubiri, tumepatana saa hii." Nikaita opereta, nikachomeka waya. Opereta akasema ongea. Nikamnyooshea Luhende mkonga. Hakuupokea. "Ongea naye wewe," akasema. "Yeye anasema alikuambia vizuri, kisha anasema hakukuambia vizuri, analia, mimi simwelewi. Watu nyumbani wamegawanyika. Mwulize wewe. Halafu uniambie."

Nikauweka sikioni. Mvumo uleule. Nikasema haloo. Na mzee Ndaki, mtu wa miaka sabini, ambaye kwa umri alistahili kuamkiwa na baba yangu, alikuwa amejiandaa. Alikuwa amefundishwa na mtu pale posta, nadhani, maana alitamka neno kwa neno. "Shikamoo, mama," akaniambia. Shikamoo, kwangu mimi! Bwana Mhina alikuwa ameinua kichwa ananitazama. Wageni wananitazama. Luhende ananitazama. Nikasema, "Marahaba."

"Mama, mimi naomba samahani," mzee akasema. "Mimi Kiswahili sijui. Mimi nilisema vibaya. Wewe ulikuwa nasema Kiswahili, mimi moyo ilikuwa nauma, nikasema lugha ya nyumbani. Mtoto hakumwona mama yake. Ni mimi, mama. Naomba samahani." Alikuwa analia, na kwa kuwa bado alidhani Geita ni mbali, alikuwa analia kwa sauti kubwa, ili nisikie. Nilikuwa na dakika mbili nzima zimebaki. Ulimi wangu ulilijua neno la kumwambia, kwa lugha zote mbili. Nikasema kwa ile sauti yangu, "Haidhuru, mzee. Yamekwisha. Nimekusamehe." Akanishukuru. Wabeja, wabeja, mara nyingi, mpaka nikachomoa waya mwenyewe.

Luhende akauliza, "Amesemaje?"

"Anaomba radhi," nikasema. "Anasema alichanganya, Kiswahili chake si kizuri."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemsamehe."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyepewa hesabu ikatimia. "Asante, dada," akasema. "Nilitaka tu kujua kosa ni la nani."